Sheria ya Maendeleo ya Rasilimali za Maji ya Marekani (WRDA): Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya ni kwa wakazi wa kando ya mito na pwani za Marekani, wajumbe wa mabaraza ya miji, wakandarasi, wanafunzi na waandishi wa habari. Unaweza kusoma jibu moja peke yake. Pale ambapo jambo limeelezwa kwingine, utaelekezwa huko.

## Mambo ya msingi

WRDA ni sheria gani hasa?

Ni Sheria ya Maendeleo ya Rasilimali za Maji (kwa Kiingereza Water Resources Development Act, ndiyo maana ya WRDA). Kwa kweli si sheria moja bali ni mlolongo wa sheria zenye jina hilohilo, kila moja ikitajwa kwa mwaka wake: WRDA ya 1986, ya 2000, ya 2007, na kuendelea. Kila toleo hufanya kazi tatu: huidhinisha miradi mipya kwa majina, huagiza tafiti, na hubadili kanuni za namna miradi inavyopangwa na kulipiwa. Iliyotungwa karibuni kati ya zinazotajwa hapa ni ya 2024, iliyotiwa saini tarehe 4 Januari 2025.

Miradi yenyewe ni ya aina tatu kuu: njia za meli (kina cha bandari, mito ya matishari, malango ya kupandisha na kushusha vyombo), kinga ya mafuriko na mawimbi ya dhoruba, na kurejesha mazingira ya mito na ardhi oevu.

Ukitaka kuelewa toleo lolote, anza na la 1986. Hilo ndilo lililovunja ukimya wa miaka kumi na kuweka kanuni kwamba anayenufaika naye achangie. Karibu kila swali la fedha hapa chini lina mizizi yake humo.

Kwa nini hutungwa kila baada ya miaka miwili?

Ni desturi tu, hakuna kifungu kinacholazimisha. Kati ya 2000 na 2007 haikupita hata moja, na kati ya 2007 na 2014 vilevile. Ya 2007 ilipita kwa kishindo: Rais George W. Bush aliikataa, Bunge likamshinda kwa kura 361 dhidi ya 54 katika Baraza la Wawakilishi na 79 dhidi ya 14 katika Seneti. Tangu 2014 imetungwa kila mwaka wa shufwa bila kukosa, wakati mwingine ikiwa imefungwa ndani ya sheria nyingine kubwa. Ya 2022, kwa mfano, ilipita ndani ya sheria ya ulinzi. Ukiitafuta kwa jina lake peke yake unaweza kuikosa.

Serikali ya shirikisho ilipata wapi mamlaka juu ya mito, wakati majimbo yana serikali zake?

Kutoka kwenye kifungu cha Katiba kinacholipa Bunge mamlaka juu ya biashara kati ya majimbo. Mwaka 1824, katika kesi ya Gibbons dhidi ya Ogden, Mahakama Kuu ilisema usafiri wa majini ni sehemu ya biashara hiyo. Mwaka huohuo Bunge lilitenga dola 75,000 kuondoa magogo na mafungu ya mchanga katika mito ya Ohio na Mississippi.

Mafuriko yaliingia baadaye sana. Mafuriko makubwa ya Mississippi ya 1927 yalizaa sheria ya 1928, na sheria ya 1936 ikatamka kwamba kuzuia mafuriko ni kazi halali ya serikali kuu nchini kote, mradi faida, kwa yeyote atakayezipata, zizidi gharama. Sharti hilo bado linaua miradi mingi hadi leo (soma jibu kuhusu mtaa wa matajiri na wa maskini).

Nani anaitekeleza?

Kikosi cha Wahandisi wa Jeshi. Ni kweli kiko chini ya Idara ya Jeshi, lakini tawi lake la kazi za kiraia limejaa wahandisi, wanabiolojia na wachumi raia. Kimegawanywa katika ofisi za wilaya, na mipaka ya wilaya hizo hufuata zaidi mabonde ya mito kuliko mipaka ya majimbo. Kabla ya kumpigia mtu simu, tafuta kwanza mto wako uko wilaya gani.

Bungeni, mswada hutoka katika kamati mbili: Kamati ya Uchukuzi na Miundombinu ya Baraza la Wawakilishi, na Kamati ya Mazingira na Kazi za Umma ya Seneti.

Je, sheria hii ndiyo inayogawa maji na kutoa vibali vya kuyatumia?

Hapana. Msomaji aliyezoea Tanzania, ambako ofisi ya bonde ndiyo hutoa kibali cha kutumia maji, atatafuta kitu kama hicho humu asikione. Nchini Marekani haki ya kuchota maji ni suala la jimbo. Majimbo mengi ya magharibi hufuata kanuni ya aliyetangulia kutumia ndiye mwenye haki ya kwanza, na ya mashariki hutazama zaidi nani anamiliki ardhi ya ukingoni.

Mabwawa makubwa ya umwagiliaji katika majimbo 17 ya magharibi yana idara nyingine, iliyo chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani. Usafi wa maji ya kunywa uko kwa Wakala wa Mazingira. WRDA inahusu miundombinu.

## Idhini na fedha ni vitu viwili

Mradi wetu umepitishwa kwenye WRDA na mbunge ametangaza. Mbona hatuoni hata trekta moja?

Kwa sababu kilichopitishwa ni ruhusa. Idhini inasema: Kikosi kinaruhusiwa kujenga mradi huu kwa makadirio haya. Fedha hutoka katika sheria tofauti kabisa ya matumizi, sehemu ya Nishati na Maji, inayoandikwa na kamati nyingine na kupigiwa kura kila mwaka wa fedha. Kutoelewa jambo hili ndiko kunakovunja watu moyo kuliko jambo lolote jingine katika ukurasa huu.

Mfano ulio wazi ni mradi wa kukinga pwani ya Texas na eneo la Galveston dhidi ya mawimbi ya vimbunga. WRDA ya 2022 iliuidhinisha kwa dola bilioni 34.4, kiasi ambacho peke yake ni mara kadhaa ya bajeti ya kawaida ya mwaka ya kazi za kiraia za Kikosi nchi nzima. Hakuna siku moja ambayo hundi ya kiasi hicho itaandikwa. Mradi kama huo hupewa fedha vipande vipande, na kila kipande kina vita vyake.

Baada ya tangazo, muulize mbunge maswali mawili: je, mradi umepewa hadhi ya kuanza ujenzi kwa mara ya kwanza? Na fungu la mwaka huu ni kiasi gani? Asipoweza kujibu la pili, hakuna trekta inayokuja mwaka huu. Miradi iliyoidhinishwa ikisubiri fedha ina thamani ya makumi ya mabilioni ya dola.

Mradi ukikaa miaka mingi bila fedha, idhini inakufa?

Inaweza kufutwa. Matoleo kadhaa yameweka utaratibu wa kuorodhesha miradi ya zamani isiyopata fedha na kuiondoa kwenye vitabu. Orodha hutangazwa kwanza ili wananchi watoe maoni, na hapo ndipo halmashauri nyingi hulala. Kama mji wako bado unautaka mradi, andika wakati huo. Ukishafutwa, unarudi mwanzo wa foleni.

Gharama zikipanda kupita makadirio?

Kifungu cha 902 cha WRDA ya 1986 kinaweka dari: gharama isizidi kiasi kilichoidhinishwa kwa zaidi ya asilimia 20, baada ya kurekebisha mfumuko wa bei. Mradi wa dola milioni 100 unaweza kufika milioni 120, na juu yake nyongeza ya mfumuko. Zaidi ya hapo lazima Bunge liidhinishe upya, na wakandarasi wanaweza kusimamishwa wakati karatasi zinazunguka.

Dari hii hugongwa mara nyingi. Bwawa na malango ya Olmsted katika mto Ohio yaliidhinishwa 1988 kwa dola milioni 775, yakafunguliwa 2018 baada ya kumeza takriban bilioni 3. Lango jipya la Soo huko Michigan, ambapo meli za urefu wa futi 1,000 (mita 305) hutegemea lango moja tu la Poe, liliidhinishwa tena 2018 kwa milioni 922. Mwaka 2022 Bunge lilipandisha hadi zaidi ya bilioni 3.2. Sababu hujirudia: fedha huja kwa matone, kazi hukatika na kuanza upya, huku bei ya chuma na ya vibarua ikipanda.

## Kuanzisha mradi

Mji wetu unafurika. Tunaanzia wapi?

Anzeni na ofisi ya wilaya ya Kikosi. Mtahitaji mshirika wa eneo: jimbo, kaunti, mji, mamlaka ya matuta (kuta za udongo za kuzuia mafuriko) au ya bandari, yaani chombo cha umma chenye uwezo kisheria wa kusaini mkataba na kulipa. Kikundi cha wakazi hakiwezi kubeba nafasi hiyo katika mradi wa kawaida wa tuta, hata kikiwa na hoja nzuri kiasi gani.

Kama hakuna idhini ya utafiti, njia rasmi ni ile ya kifungu cha 7001 cha sheria ya 2014. Kila mwaka Kikosi hutangaza katika gazeti la serikali kwamba kinapokea mapendekezo, na dirisha huwa wazi kwa siku 120. Pendekezo litaje mshirika, lengo, makadirio ya gharama, faida za fedha na zisizo za fedha, na ushahidi kwamba wenyeji wanaliunga mkono. Ripoti hupelekwa Bungeni ifikapo Februari 1. Mapendekezo yasiyotimiza vigezo huwekwa kwenye kiambatisho, na kosa la kawaida ni kuomba jambo ambalo tayari lina idhini au ambalo si kazi ya Kikosi. Msisubiri ripoti hiyo peke yake: mwaka wa WRDA, pelekeni ombi hilohilo kwa mbunge wenu na maseneta wote wawili.

Upembuzi yakinifu unachukua muda gani?

Sheria ya 2014 iliweka awali lengo la miaka 3 na dola milioni 3, gharama zikigawanywa nusu kwa nusu kati ya Kikosi na mshirika. Tafiti kubwa za pwani huomba kuongezewa muda na fedha. Mwishoni Mkuu wa Wahandisi husaini ripoti yake kwa Bunge. Bila ripoti hiyo, mradi wa kawaida hauingii kwenye orodha ya idhini.

Kwa nini mtaa wa matajiri hupata tuta na wa maskini hukosa?

Swali hili lina msingi. Faida ya tuta kwa desturi huhesabiwa kwa hasara inayoepukwa, na nyumba ya dola 600,000 huokoa hasara kubwa kuliko ya dola 80,000 hata kama maji ni yaleyale. Uwiano wa faida na gharama ukishuka chini ya 1, mradi hukwama. Na hata ukizidi 1 kidogo, hushindwa kwenye bajeti na miradi yenye 3 au 4.

Kuna milango michache. WRDA ya 2020 ilianzisha majaribio ya kufanya tafiti kwa gharama kamili ya serikali kuu kwa jamii za vijijini na zenye kipato duni. Ile ya 1986 ina kifungu cha kupunguza mchango kwa mshirika asiye na uwezo. Wakati wa utafiti, wakazi wadai kwamba usalama wa maisha, njia za kukimbilia hospitali na ajira ziandikwe kwenye ripoti. Kisichoandikwa hapo hakitatetewa Washington.

Tatizo letu ni dogo: ukingo unamomonyoka karibu na barabara. Lazima tusubiri WRDA?

Hapana. Kuna programu ya kudumu ya miradi midogo ambayo Bunge limeiruhusu mapema, kila kifungu na dari yake ya fedha: cha 14 kwa mmomonyoko unaotishia barabara, madaraja na majengo ya umma, cha 205 kwa mafuriko, cha 107 kwa bandari ndogo, cha 206 kwa mazingira. Barua ya nia kutoka kwa mshirika kwenda ofisi ya wilaya inatosha kuanza. Tatizo ni kwamba fungu la kila mwaka ni finyu na foleni ni ndefu.

## Nani analipa

Mji utachangia kiasi gani katika tuta la mafuriko?

Kati ya asilimia 35 na 50 ya ujenzi. Ndani ya hapo mshirika hutoa angalau asilimia 5 taslimu, na pia hutoa ardhi yote, haki za kupita, uhamishaji wa nguzo na mabomba, na mahali pa kutupa udongo. Thamani ya vitu hivi huhesabiwa kama mchango.

Chukua mradi wa dola milioni 100. Ardhi ikiwa na thamani ya milioni 20, jumla na taslimu ya 5 ni 25, hivyo mji unaongeza milioni 10 kufikia 35. Ardhi ikiwa 40, mji unabeba 45. Ardhi ikiwa 50, jumla ingekuwa 55, lakini dari ni 50, na ziada hulipwa na serikali kuu. Ndiyo maana miji yenye viwanja ghali hujikuta juu ya 35, na makadirio ya ardhi yaliyofanywa kwa haraka huvuruga bajeti nzima.

Tumeshaanza kuchimba wenyewe. Kazi hiyo itahesabiwa?

Kwa kawaida haitahesabiwa kama hamkuwa na makubaliano ya maandishi kabla ya kuanza. Kosa hili ni ghali na halina tiba rahisi. Sainini kwanza, chimbeni baadaye. Tahadhari hiyohiyo ni kwa ardhi: kuhamisha watu na kulipa fidia lazima kufuate sheria ya shirikisho ya 1970, na msipotunza tathmini na risiti mtapoteza sifa ya mchango.

Na bandari?

Mgawanyo hufuata kina. Kuchimba hadi futi 20 (mita 6.1), bandari huchangia asilimia 10, kupita hapo, asilimia 25, na kwa kina kirefu kabisa, asilimia 50. Mpaka wa kundi la mwisho ulikuwa futi 45 mwaka 1986 na umesogezwa chini zaidi tangu hapo kwa sababu meli za makontena zimekua. Juu ya hayo kuna asilimia 10 nyingine inayoweza kulipwa kwa miaka 30.

Kuondoa tope na mchanga kila mwaka hulipiwa na mfuko wa matengenezo ya bandari. Fedha zake ni tozo ya asilimia 0.125 ya thamani ya mzigo: kontena la bidhaa za dola 40,000 hulipa dola 50. Mizigo inayosafirishwa nje hailipi, kwani mwaka 1998 Mahakama Kuu iliamua kwamba kuitoza ni kinyume cha Katiba.

Matishari ya mitoni yanalipa nini?

Senti 29 kwa kila galoni ya dizeli (lita 3.785) katika njia zilizotajwa na sheria, kiwango kilichoanza Aprili 2015. Fedha hizo huchangia ujenzi na ukarabati mkubwa wa malango. Mchango wa mfuko huo katika ujenzi ulikuwa nusu mwaka 1986. WRDA ya 2024 imeushusha hadi asilimia 25, na hazina kuu inabeba 75. Uendeshaji wa kila siku wa malango hulipwa na hazina kuu yote.

Ili kuona kwa nini malango yanagombaniwa: msafara wa kawaida wa Mississippi ya juu ni matishari 15 yaliyofungwa pamoja, kila moja likibeba takriban tani 1,500, yakisukumwa na boti moja. Malango mengi ya huko yana chumba cha futi 600 (mita 183). Msafara hauingii, kwa hiyo mabaharia huukata vipande viwili, hupitisha cha kwanza, hurudi kuchukua cha pili, kisha hufunga tena kamba za chuma. Kazi ya chini ya saa moja huwa ya karibu saa mbili, na ni hapo kwenye kamba ndipo watu huumia. Chumba cha futi 1,200 humaliza shida hiyo. Kimoja cha namna hiyo kwenye Lango namba 25, Missouri, kiliidhinishwa 2007, kikasubiri hadi 2022 kupata fedha za kuanza ujenzi.

## Baada ya ujenzi

Tuta likikamilika, nani analitunza?

Mshirika wa eneo, kwa asilimia 100, bila mwisho. Kukata nyasi, kung'oa miti, kuziba mashimo ya wanyama, kuendesha pampu na kubadili makalavati ya chuma yaliyooza ni juu yake. Kalavati lililooza ndilo adui wa kimya: udongo huvutwa ndani ya bomba kidogo kidogo, na tuta huzama kutoka chini huku juu pakiwa kijani kizuri.

Kikosi hukagua. Tuta linalofaulu linaweza kuingizwa katika programu ya ukarabati baada ya mafuriko: lililojengwa na serikali kuu hukarabatiwa kwa gharama yake yote, la wenyeji kwa asilimia 80. Uharibifu uliotokana na uzembe wa matunzo haulipwi.

Nataka kupitisha bomba, waya au uzio kwenye tuta. Ni ruhusa ya nani?

Ya mwenye tuta, kisha ya Kikosi chini ya kifungu kinachojulikana kama 408, kilichotoka katika sheria ya 1899. Kikosi kina siku 30 kusema kama maombi yamekamilika, kisha siku 90 kuamua. Saa ya siku 90 haianzi kabla michoro haijakamilika, na wengi hukwama hapo. Kumwaga udongo kwenye mto au ardhi oevu huhitaji kibali kingine chini ya Sheria ya Maji Safi. Usidhani kimoja kinameza kingine.

Tuta la serikali likibomoka, naweza kuishtaki serikali?

Ni vigumu mno. Sheria ya 1928 iliikinga serikali kuu dhidi ya madai ya hasara itokanayo na maji ya mafuriko, na wakazi wengi wa New Orleans waliligundua hilo baada ya kimbunga Katrina cha 2005, kuta za mifereji zilipoanguka na kesi zao zikagonga ukuta huo. Kwa hiyo ulinzi wako wa kifedha ni bima, wala si mahakama.

Ninapanga nyuma ya tuta. Nahitaji bima kweli?

Ndiyo. Tuta linalotambuliwa kwenye ramani hupimwa kwa mafuriko yenye uwezekano wa asilimia 1 kila mwaka. Kwa miaka 30 hiyo ni takriban asilimia 26 ya kuyaona makubwa kama hayo au zaidi. Familia zinazozungumza Kiswahili katika miji ya mto Ohio kama Louisville nyingi ni wapangaji, na bima ya mwenye nyumba haifidii godoro wala televisheni yako. Mpango wa taifa wa bima ya mafuriko huwauzia wapangaji kinga ya vitu vya ndani hadi dola 100,000. Kwa kawaida huanza kufanya kazi siku 30 baada ya kununua, kwa hiyo kuinunua ukishasikia utabiri wa mvua ni kuchelewa.

## Hali zisizo za kawaida

WRDA inaweza kutujengea mabomba ya maji au majitaka?

Mara chache. Kifungu cha 219 cha WRDA ya 1992 kinaruhusu msaada huo kwa jamii zilizotajwa kwa majina, kwa asilimia 75 za serikali kuu. Kama jina lenu halimo, mwombeni mbunge aliongeze, au nendeni kwenye mifuko ya mikopo ya maji ya jimbo, ambayo mara nyingi ni njia ya haraka zaidi.

Makabila ya wenyeji wa asili na visiwa vina nafuu?

Ndiyo. Kifungu cha 1156 cha sheria ya 1986 huondoa sehemu ya mchango kwa makabila na maeneo kama Guam, Samoa ya Marekani na Puerto Rico. Kiasi cha mwanzo kilikuwa dola 200,000 na hupandishwa kwa mfumuko.

Tunaweza kufanya utafiti au kujenga wenyewe na kurudishiwa fedha?

Inaruhusiwa. Kifungu cha 203 cha 1986 ni kwa utafiti, cha 204 kwa ujenzi. Mamlaka za bandari zenye akiba hupenda njia hii kwa sababu huokoa miaka. Lakini kurudishiwa kunategemea Bunge kutenga fedha, kama ilivyoelezwa kwenye jibu la idhini, na utafiti utapitiwa upya na Kikosi kwa viwango vyake. Msikope kwa kutegemea marejesho hayo kama tarehe yake haimo kwenye sheria ya matumizi iliyokwisha kusainiwa.